Vioo Vinne Juu ya Ufa

Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakokaa. Mtaani wanamwita Shingo. Si kwamba shingo yake ni ndefu. Ni kwamba akitembea mjini anaikunja nyuma, uso juu, kama mtu anayetafuta mahali mvua inapotokea. Ameshagonga nguzo za umeme. Ameshamkanyaga askari. Siku moja aliingia mzimamzima kwenye mkokoteni wa nyanya, akaomba msamaha huku macho bado yako kwenye roshani ya ghorofa ya pili, ng'ambo ya barabara.

"Mama, nyanya ziko huku chini," mwenye mkokoteni alimwambia.

"Naziona," alijibu, bila kuziona.

Ana miaka arobaini na sita, ni fundi lipu, na kila asubuhi anakwenda kazini kwa miguu hata kazi ikiwa mbali. Ukimuuliza kwa nini hapandi basi, atakwambia kwenye basi unaona visogo vya watu, na visogo havina jipya. Kwa miguu anaona posta ya zamani yenye matao saba mbele, na tao la nne limeinama kidogo kushoto kwa sababu fundi wake alikosea, akaona aibu kubomoa, akaendelea hivyo hivyo. Anaona duka la simu ambalo zamani lilikuwa benki. Chini ni matangazo matupu, lakini inua macho: juu ya mlango kuna kichala cha zabibu za chokaa, punje kwa punje. Kuna mtu alikaa juu ya jukwaa siku nne akizifinyanga, na nina hakika hakuna aliyemwambia punje ziwe nyingi kiasi kile. Anaona nyumba moja ya rangi ya ugoro yenye mwaka uliochongwa juu ya mlango, tarakimu ya mwisho imedondoka, kwa hiyo nyumba yenyewe imekuwa kama shangazi anayeficha umri.

Watu wa mji hawatazami juu. Tuseme ukweli. Wanatazama simu, halafu siku wakikuta uwanja mtupu wenye mabati ndio wanauliza, "Hivi hapa palikuwa na nini?" Palikuwa na kitu ulichokipita mara elfu tatu, ndugu yangu.

Kazi aliianza akiwa na miaka kumi na tisa, kubeba maji na kukoroga chokaa kwa mjomba wake, fundi wa kukarabati nyumba za zamani. Mafundi wenzake mjomba walimcheka. "Mwanamke na mwiko wa lipu wapi na wapi? Mwiko wako uko jikoni." Aliendelea kukoroga. Ukuta wake wa kwanza ulidondoka lipu yote siku ya tatu, pwaa, kama shuka lililokatika kamba. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mjomba hakucheka wala hakumbembeleza. Alisema, "Paka tena." Akapaka tena. Ukadondoka nusu. "Paka tena." Mara ya nne ukashika, na mpaka leo umeshika. Akipita hapo huugonga kwa kidole, koko koko, kama anabisha hodi kwa jamaa.

Mjomba pia ndiye aliyemfundisha kazi ya vioo. Ukitaka kujua ufa kama uko hai au umekufa, alisema, usiutazame kwa macho, macho yana hofu. Kwangua rangi mpaka ufike kwenye jiwe. Chukua kipande cha kioo chembamba, urefu wa kidole cha kati, ukilaze juu ya ufa, ukishike kwa simenti upande huu na upande huu. Chora tarehe kwenye simenti kwa msumari ingali mbichi. Kisha subiri. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo kinavunjika. Ukiwa umelala, kioo kitakaa hapo mpaka wajukuu wako.

Kwa hiyo watu wakimtupia ile methali ya kuziba ufa usije ukajenga ukuta, Shingo hukasirika. "Hiyo aliitunga mtu asiyewahi kushika mwiko," husema. "Ufa ukiuziba umeuficha tu. Ufa unaulizwa, hauzibwi."

Sasa tuje kwenye nyumba.

Shingo na mumewe, dereva wa lori ambaye nyumbani huja kama mgeni, wanakaa ghorofa ya kwanza kwenye nyumba ya kona, mtaa wa zamani. Nyumba ni ya mawe, kuta nene kama urefu wa mkono mzima, ngazi za mbao zilizolika katikati kwa nyayo za watu waliokwisha kufa. Jua likichoma nje, ndani unatafuta shuka. Chini, pale konani, ndipo wifi yake Shingo, dada wa mumewe, alipofungua duka la ushonaji miaka kumi na minne iliyopita. Na mlangoni kwa wifi, juu ya kigoda, anakaa mshona viatu wanayemwita Soli, mtu wa miaka sitini na kitu, ambaye kazi yake ya pili ni kuchangia mazungumzo yasiyomhusu.

Juu ya mlango wa duka kulikuwa na ufa. Ulianza chini konani, ukapanda, ukapita karibu na dirisha la chumba cha Shingo. Sarafu ilikuwa inaingia ndani ya ufa. Mwenye nyumba, anayeishi mji mwingine, alikuwa na msimamo mmoja tu: mkaguzi akisema ibomolewe, basi ibomolewe, kiwanja kina bei nzuri kuliko nyumba.

Mkaguzi wa majengo akaja. Kijana bado, shati limechomekewa, uso wa mtu aliyeshazoea kutukanwa. Alitazama ufa, akatikisa kichwa, akatoa kopo la rangi nyekundu akachora alama ya X ukutani, kubwa, inachuruzika. Wifi akapiga yowe kama aliyechorwa yeye.

Shingo akashuka ngazi na vumbi la chokaa usoni.

"Bosi, huo ufa uko hai au umekufa?"

"Mama, ufa ni ufa."

"Na mgonjwa ni mgonjwa? Mwenye mafua na mwenye kansa wote unawazika?"

Soli akacheka. Mkaguzi hakucheka, lakini aliweka kopo chini. Wakabishana nusu saa. Mwisho wakakubaliana, mbele ya watu: Shingo abandike vioo vinne, kuanzia chini mpaka dirishani. Siku thelathini. Vyote vikibaki vizima, X inafutwa. Kimoja kikivunjika, mkaguzi anasaini, familia tano na duka moja wanahama, nyumba inabomolewa.

"Na mvua ndio zinaanza," mkaguzi alisema akiondoka. Hakuisema kwa ubaya.

Shingo alibandika vioo jioni ile ile. Kimoja juu ya mlango wa duka, cha pili futi nne juu yake, cha tatu, cha nne kando ya dirisha lake. Tangu hapo ratiba ikawa moja: asubuhi, kabla ya chai, anaegemeza ngazi ukutani, anapanda, anatazama kimoja kimoja, anashuka, anakwenda kazini akitazama majumba ya watu. Siku ya tano, vizima. Siku ya kumi, vizima. Siku ya kumi na mbili mvua kubwa ilinyesha na watu wote wa nyumba walimsubiri chini ya ngazi kama wanaosubiri majibu ya mtihani. Vizima.

"Nilikwambia," wifi alisema. "Nyumba hii ni mwanamke. Inalia, haianguki."

Siku ya kumi na tisa ndio mambo yakaharibika.

Alipanda kama kawaida. Kioo cha nne, sawa. Cha tatu, sawa, na buibui ameshaweka utando. Cha pili, sawa. Cha kwanza, sawa, akaanza kushuka. Halafu mguu ukasita hewani. Akapanda tena. Vioo vitatu vilikuwa na vumbi la siku kumi na tisa. Hiki cha kwanza kilikuwa kinang'aa kama kimetoka dukani. Akakigusa kwa ncha ya kidole. Kikacheza. Kikacheza kama jino la mtoto. Akasogeza pua.

Gundi ya viatu.

Akashuka taratibu. Wifi alikuwa ndani anakata kitambaa, ameinamisha kichwa kuliko kitambaa kinavyohitaji. Nje, Soli ghafla alipata kiatu chenye tatizo kubwa sana.

"Wifi, nani amegusa kioo changu?"

"Kioo gani? Mimi najua kioo cha kujitazamia, na hicho wewe hujakitumia tangu ndoa."

"Wifi."

"Nini?"

"Kile cha zamani kiko wapi?"

Mkasi ukasimama. Wifi akavuta droo ya cherehani, akatoa kipande cha khaki kilichokunjwa vizuri, akakifungua. Ndani kulikuwa na kioo, vipande viwili. Hata kukificha alikuwa amekikunja kama nguo ya mteja.

"Nilikikuta jana kimepasuka," alisema. "Wewe ulikuwa umetangulia kazini. Nikatoa kioo kwenye fremu ya picha ya harusi yenu, maana nyinyi wenyewe hamuitazami. Nikamwomba Soli gundi."

"Mimi nilidhani anabandika kisigino!" Soli alipaza sauti kutoka nje.

"Kisigino gani, we mzee? Si ulinishikia ngazi!"

Shingo alikaa kwenye kigoda cha wateja. Alitaka kukasirika akashindwa, kwa sababu kicheko kilikuwa kinakuja. "Wifi, umebandika kwa gundi ya viatu. Gundi ya viatu inavutika. Nyumba hii ingeanguka yote, sisi sote tuko chini ya mawe, na kile kioo kingebaki juu kinatucheka."

"Si ndivyo tunavyotaka? Kisivunjike?"

"Tunataka nyumba isivunjike!"

Wifi akakunja vile vipande tena. Alipoongea, sauti haikuwa ya mzaha. "Miaka kumi na minne. Wateja wangu hawajui jina langu, wanajua mlango huu. Wakinihamisha mimi ni fundi cherehani kama wengine elfu. Zimebaki siku kumi na moja, wifi. Kijana anakuja, anaona vinne vizima, anafuta mchoro wake, anaondoka. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe si wetu?"

"Ndio maana naenda kumwambia."

"Ukimwambia, kuanzia leo mimi si wifi yako."

"Hilo umeniambia mara tano tangu niolewe," Shingo alisema, akasimama. "Na cherehani itoe kwenye hiyo kona. Iweke upande wa pili. Leo, sio kesho."

Lakini hakwenda kwa mkaguzi moja kwa moja. Fundi haendi kwa daktari kusema "naumwa" tu. Anasema naumwa hapa. Alichukua vile vipande viwili akaenda navyo kwenye mwanga. Kioo kilikatika kwa mstari mmoja ulionyooka. Akapanda tena, akabandua kile cha gundi, akatazama simenti yake ya zamani chini yake: upande wa kushoto uko juu, upande wa kulia, ule wa konani, umeshuka. Kidogo. Unene wa kadi. Vioo vya juu vizima, cha chini kimevunjika. Nyumba haipasuki, basi. Inazama, na inazama mahali pamoja, pale konani.

Kwa nini pale?

Akajaza ndoo ya maji, akasimama nje ya duka, akaimwaga kwenye baraza.

Hapa inabidi niwaambie kuhusu hilo baraza. Miaka sita iliyopita wifi alilalamika kwamba mvua ikinyesha wateja wanaingia na matope, wanachafua vitambaa vya watu. Shingo akamjengea baraza la simenti kuzunguka kona nzima. Lilikuwa laini kama shavu. Watu walikuja kuliona. Wengine walimwita akawajengee na wao, mitaa ya jirani, mabaraza saba kwa jumla, na kila moja alilisugua mpaka linang'aa. Lilikuwa fahari yake. Alipokuwa akilijenga lile la kwanza alikuta tundu kwenye mguu wa ukuta, chini ya bomba la kushusha maji ya paa. Tundu la ukubwa wa ngumi. Alidhani ni la panya. Akashindilia kokoto, akaziba kwa simenti, akalainisha.

Sasa maji ya ndoo yalitandaa, yakasimama kidogo kama yanafikiri, kisha yakarudi. Hayakwenda barabarani. Yalirudi ukutani, taratibu, mpaka kwenye mshono kati ya baraza na jiwe, chini ya bomba, pale pale konani. Yakaingia. Yakaisha. Ndoo nzima ilinywewa na nyumba.

Akamwaga ya pili. Ikanywewa.

Miaka sita, kila mvua, maji ya paa zima yalikuwa yanashuka kwenye bomba na kuingia chini ya msingi, kwa sababu yeye aliziba njia waliyoiacha waliojenga. Lile halikuwa tundu la panya. Lilikuwa mdomo wa mfereji.

Soli alikuwa ameacha kujifanya anashona. "Shingo," alisema kwa upole ambao haujawahi kumtoka, "ni nini?"

"Ni mimi."

Akamweleza. Soli akatafakari, akachomeka sindano kwenye soli. "Unaona sasa. Wewe miaka yote juu, juu, zabibu za benki, matao ya posta. Mimi natazama chini maisha yangu yote na wala hukuniuliza. Hilo tundu maji yalikuwa yanatokea pale barabarani, mbele ya kigoda changu. Yalipokauka nilishukuru Mungu."

"Ungeniambia!"

"Nani anamwambia fundi?"

Hiyo ikamkaa kichwani njia nzima mpaka ofisi ya jiji. Kwa mara ya kwanza tangu watu wamfahamu, alipita posta na benki bila kuinua uso. Alitazama miguu ya majumba. Na akaona. Chini ya nyumba ya rangi ya ugoro, kando ya bomba, tundu la ukubwa wa ngumi, limezungushiwa jiwe. Chini ya posta, matatu. Lango dogo dogo kila penye bomba, limechongwa kwa uangalifu ule ule wa zile zabibu, mahali ambapo hakuna mtu angelisifu.

Mkaguzi alikuwa nyuma ya meza yenye mafaili mpaka kifuani. Shingo akaweka vile vipande viwili vya kioo mbele yake.

"Kimevunjika," alisema. "Cha chini."

Mkaguzi akavitazama. "Mama, miaka mitano nipo hapa. Watu huja kuniambia nyumba zao ni nzima. Wengine huja na mwanasheria. Hakuna aliyewahi kuniletea kioo kilichovunjika."

"Na kuna mtu alikibadilisha kwa gundi ya viatu. Ungekuja ungekuta vinne vizima."

"Ningesaini," mkaguzi alisema polepole, akiona jina lake chini ya karatasi, na juu yake rundo la mawe. "Nani alibadilisha?"

"Nyumba ina watu wengi. Anayestahili kuulizwa ni mimi, maana nyumba nimeizamisha mimi." Akamweleza baraza, tundu, ndoo mbili. Hakujipunguzia hata mahali pamoja. "Nipe siku kumi na moja zilizobaki. Nalivunja lile baraza kesho. Na kioo cha chini usiniachie mimi. Njoo na chako, ukibandike kwa mkono wako, uchore tarehe yako."

"Tulikubaliana kimoja kikivunjika nasaini."

"Tulikubaliana. Ukitaka saini sasa hivi, kalamu hiyo hapo, sitalia. Lakini wewe ulisoma, bosi. Huko ulikosoma walikwambia ukijua kwa nini mgonjwa anaumwa unamuua?"

Mkaguzi akaegemea kiti. Dari ya ofisi yake ilikuwa ya juu, yenye maua ya chokaa kwenye kona, na kona moja ilikuwa na alama kubwa ya maji. Shingo akamwona akiitazama, kana kwamba ndio kwanza anaijua.

"Kesho saa mbili asubuhi," alisema. "Simenti uwe nayo. Kioo changu kikivunjika, sitaki kusikia neno."

"Hutalisikia."

Saa mbili alikuja kweli. Akabandika kioo chake, vibaya kidogo, simenti ikamchafua shati, akachora tarehe. Akaondoka. Shingo akavua viatu vya kutembelea, akavaa vya kazi, akashika sururu.

Kulivunja baraza ulilolijenga mwenyewe, na ukalijenga vizuri, si mchezo. Simenti yake ilikataa. Alikuwa fundi mzuri, basi tena, akajilaumu kwa uzuri wake. Pigo la kwanza liliacha alama nyeupe tu. La kumi likatoa kipande cha ukubwa wa sahani. Wifi alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, siku ya pili hajamsemesha.

"Na wateja wangu watapita wapi?" mwishowe alimuuliza Soli, kwa sauti ya kusikika.

"Mwambie watapita juu ya ubao," Shingo alimjibu Soli.

"Mwambie ubao uwe mpana. Nina wateja wanene."

"Mwambie ubao utakuwa mpana, na aache kusimama, achukue karai."

Soli akatazama huku na huku. "Mimi leo nimekuwa simu?"

Wifi akaingia ndani. Akatoka bila viatu, nguo ameikunja kiunoni, akachukua karai. Mpaka mchana walikuwa wamefika kwenye udongo, na udongo ulikuwa umelowa kama uji. Mpaka alasiri sururu iligonga kitu kilicholia tofauti. Shingo akapiga magoti, akafukua kwa mikono.

Mfereji ulikuwepo. Mzima. Mawe yaliyochongwa kama viganja vilivyokingwa, moja likimpokea mwenzake, yakitoka ukutani kwenda barabarani kwa mteremko mdogo usioonekana kwa jicho. Alilaza pima maji juu yake, kiputo kikakaa pale pale kinapotakiwa. Na sakafu ya mfereji ilikuwa imepangwa vipande vya sahani nyeupe zilizovunjika, upande laini juu, ili maji yateleze.

Wifi akachuchumaa. "Sahani hizi. Yaani mtu alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba vyombo vilivyovunjika?"

"Au walivunja zao."

"Halafu wakazifukia chini, zisionekane na mtu." Akapangusa kipande kimoja kwa pindo la nguo yake. Kilikuwa na ua la buluu. "Wifi, hawa watu walikuwa na wazimu kama wako."

Hiyo ilikuwa samahani. Shingo aliipokea.

Walizibua tundu siku mbili. Kokoto za Shingo mwenyewe, moja moja, kwa tindo. Wakashindilia udongo mkavu na mawe kwenye msingi, wakaacha mfereji wazi, wakaweka ubao mpana.

Mvua ilikuja siku ya ishirini na tano, mchana, bila adabu. Ilipiga paa kama kokoto zimemwagwa. Shingo alikuwa kazini mtaa wa pili. Aliacha mwiko kwenye karai, akaja mbio chini ya mvua ile, akasimama konani amelowa chapachapa. Watu wa nyumba wote walikuwa madirishani. Bomba likakohoa, likatapika majani, kisha maji yakashuka kwa kishindo, yakaingia kwenye tundu, yakapotea kwa pumzi mbili.

Yakatokea. Yalipita juu ya sahani nyeupe yakimeta, yakaruka barabarani moja kwa moja kwenye miguu ya Soli.

"Nimerudishiwa mto wangu!" Soli alipiga kelele, ameinua viatu vya watu juu ya kichwa.

Asubuhi iliyofuata Shingo alipanda ngazi. Hakuharakisha. Cha nne, cha tatu, cha pili. Kile cha mkaguzi, kimebandikwa upande kama picha ya mlevi, kilikuwa kizima. Akakigusa. Hakikucheza.

Siku ya thelathini mkaguzi alipanda mwenyewe. Alikigonga kioo chake kwa kalamu, akaweka rula kwenye simenti, akashuka, akasimama mbele ya mfereji muda mrefu kuliko alivyotazama ufa. Kisha akaandika. Wifi, anayesoma maandishi yakiwa kichwa chini kwa kuzoea vitabu vya mitindo ambavyo wateja humfungulia ng'ambo ya meza, alikuwa wa kwanza kuona.

"Ameandika ikarabatiwe!"

"Na siku tisini zaidi za vioo," mkaguzi alisema. "Kumi na moja hazitoshi, fundi anajua. Mwenye nyumba nitampigia mimi." Akatazama X yake. "Sijaja na rangi nyeupe."

"Iache," Shingo alisema. "Nitaipaka chokaa mwenyewe."

Mkaguzi akafunga faili, halafu akasita. "Kule ofisini kwetu, ile dari. Ukipata nafasi uje utazame nje, chini ya bomba."

"Nilishatazama nikitoka. Mmeweka ndoo ya taka juu ya tundu."

Wifi alitaka washerehekee. Alishafunga duka, alishaagiza soda, alishaanza kumsimulia kila mpita njia jinsi yeye alivyogundua mfereji. Shingo alikunywa nusu chupa akiwa amesimama. Kisha akanawa, akachukua sururu, akaiweka begani.

"Wapi tena?" wifi akauliza. "Si tumeshinda?"

"Nilijenga mabaraza saba."

Soli akasema taratibu, "Watakutukana, Shingo. Wale walikulipa."

"Watanitukana."

Akashuka na mtaa. Alipita benki ya zabibu na kwa kweli aliinua macho, mara moja tu, kama mtu anayemsalimia jirani akiwa na haraka. Kisha akayashusha. Kwenye nyumba ya tatu baada ya kona, baraza la simenti lilikuwa linang'aa kwenye jua, laini kama shavu, kazi safi kabisa. Juu ya ukuta, hatua tano kutoka kwenye bomba, kulikuwa na ufa mwembamba ambao mwenye nyumba alishauziba na kuupaka rangi.

Shingo akatua sururu chini, akagonga mlango.

"Hodi," alisema. "Ni mimi fundi. Nimekuja kuvunja kazi yangu."